Punda Wawili wa Mathayo

Naanza na aibu yenyewe, msije mkaipata kwa mwingine mkadhani nilitaka kuifukia: mimi ndiye yule mwalimu wa kwenye video, yule wa suti ya kijivu aliyefungwa leso juu ya punda, anayepitishwa mlango hadi mlango hapa Garissa, Jumapili asubuhi, tena mwezi wa Ramadhani, na nyuma yake kwaya nzima inaimba Hosana. Ndiyo, ni mimi. Na mkiitazama vizuri mtaona mdomo wangu unacheza. Watu wengi wamefikiri naimba pamoja na kwaya. Siimbi, nawaambia wanyamaze.

Jina langu Wekesa, kwetu Bungoma, na hapa nafundisha somo la dini ya Kikristo katika shule ya upili ambayo wanafunzi wa somo hilo wote wanaenea kwenye madawati ya mstari mmoja (wakikohoa wawili, darasa zima limekohoa). Kwa kuwa kazi si nyingi na joto la mchana halikuruhusu uende popote, niliamua kusoma shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao, na tasnifu yangu ni juu ya namna waandishi wa Injili walivyoandika: nani alimsoma nani, nani aliongeza nini, na kwa nini. Msije mkasinzia, nitasema kidogo tu, maana bila hiki kidogo hamtaelewa nilifikaje juu ya punda.

Siku ile Yesu anaingia Yerusalemu, watu wanatandika nguo na matawi njiani, Marko anasema alipanda mwana-punda ambaye hajawahi kupandwa na mtu. Mmoja. Luka vivyo hivyo, na Yohana naye mmoja. Mathayo peke yake ndiye anayeleta wawili, mama na mtoto wake, na nguo zikawekwa juu ya wote wawili. Basi wanazuoni wamegombana hapo mpaka leo. Wako wanaosema Mathayo alichukua maneno ya nabii wa kale, ambayo ni ushairi na ushairi hupenda kusema jambo moja mara mbili, akayahesabu kama wanyama wawili. Wako wanaosema hapana, Mathayo hakuwa mjinga, alijua kwamba mtoto wa punda asiyezoea watu hatulii mpaka mama yake awe ubavuni. Mimi ni wa kundi hili la pili, na sura yangu nzima ya tatu imesimama hapo. Nilipoituma, msimamizi wangu, Daktari Akoth, aliirudisha na swali moja pembeni: "Hawa punda wawili wakitembea pamoja, umewahi kuwaona wewe?"

Sikuwa nimewaona. Kwetu Bungoma kuna ng'ombe na baiskeli. Lile swali halikuniacha, nikila lipo, nikilala lipo, na ndipo nikapata lile wazo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najishika kichwa: Jumapili ya Matawi, kanisani kwetu, tutafanya kama Mathayo. Punda wawili. Na Kimani, mwalimu wa kwaya, atachukua video, nimtumie Daktari anyamaze.

Sasa, kanisa letu haliishi peke yake. Tuko katikati ya bulla, ndivyo mtaa unavyoitwa hapa, majirani zetu wote ni Waislamu, na tunaishi nao vizuri, ila mwaka uliotangulia maandamano yetu ya matawi yalipita na ngoma mbele ya nyumba yenye msiba. Hatukujua, lakini ngoma haiulizwi kama ilijua. Mzee Dubow, mwenyekiti wa bulla, mfanyabiashara wa ngamia wa zamani ambaye sasa kazi yake ni kupatanisha watu, ndiye aliyetuombea radhi. Kwa hiyo mwaka huu nilikwenda kwake kabla ya jambo lolote, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipitisha tasbihi vidoleni.

"Mwalimu, maneno mbili," akasema, kwa Kiswahili cha huku ambacho p mara nyingi hugeuka b. "Ya kwanza, ngoma na nyimbo ikae ndani ya geti. Watu wamefunga, wengine wamelala. Ikitoka nje, mwaka ujao hakuna ngoma, hakuna matawi, mtasoma kitabu yenu bole bole ndani ya nyumba. Ya bili, hakuna mtu anajifanya Nabii Isa, alayhi salaam. Kwetu hio hapana. Wewe kaa kwa hio bunda kama Mwalimu Wekesa, na uitwe Mwalimu Wekesa."

Nikasema, "Adeer, nakuahidi," yaani ami, ndivyo tunavyowaita wazee hapa. Nikamshika mkono kabisa. Na niliporudi kuwaambia waumini, Mama Nduku, mwenyekiti wetu wa akina mama, alilia machozi ya furaha, kwa sababu ninyi mnaoishi kwenye miji yenye makanisa kila kona hamwezi kujua siku ile moja ya kuimba chini ya jua ina maana gani kwa watu wachache kama sisi. Ahadi ile ndiyo iliyokuwa mkononi mwangu. Ikishikika, tuna sikukuu, ikivunjika, imekwisha.

Punda nilimpata kwa Gedi, muuza maji wa mtaa wetu, ambaye punda wake wa mkokoteni alikuwa amezaa miezi michache nyuma na alikuwa na kitoto cha kupendeza, masikio marefu kuliko miguu. Nikamuuliza kama mama mtu ni mpole.

"Hii bunda iko na adabu kushinda watu," Gedi akaniambia. "Wallahi, hata mimi nikilala kwa mkokoteni, yeye anaenda tu."

(Hayo maneno ya mwisho ningeyatafakari vizuri ningekuwa leo mtu wa heshima.) Nikamuuliza jina lake. Akasema anaitwa Basbaas, yaani pilipili kali. Na hilo pia nikaliacha lipite, mimi msomi.

Basi siku ikafika. Waumini wamependeza, makuti ya mkoma yameletwa kutoka kando ya Tana, ngoma imekazwa. Mimi nimevaa suti yangu ya mahafali. Na kwa kuwa Mathayo anasema nguo ziliwekwa juu ya wote wawili, nilitaka nguo ziwe juu ya wote wawili, si nusu nusu, kwa hiyo tukaunganisha leso za akina mama, tukazilaza juu ya Basbaas na juu ya kitoto chake, na ili zisianguke Mama Nduku akazifunga. Nilipopanda, suruali ikapanda nayo, miguu yangu ikawa wazi mpaka magotini, na Mama Nduku, ambaye hapendi mchezo na heshima ya kanisa, akachukua leso nyingine akanifunika magoti na kuikaza kwenye zile za chini kwa fundo lake la kufungia magunia ya ndengu. Nilijisikia salama kweli. Nikasema hapa hata kuwe na upepo siendi popote.

Kosa jingine nililifanya siku ya mazoezi. Watu wetu wana maswali mengi, mmoja anasimama huku mwingine anakwenda kule, nikakasirika nikawaambia, "Kazi yenu ni moja tu, kumfuata punda! Akienda, mnakwenda. Akisimama, mnasimama. Na mkiniona napunga mkono msinijali, mimi nasalimia." Wakaitikia kwa pamoja, na nataka niseme mbele yenu kwamba sijawahi kuona kwaya tiifu kama ile.

Tulianza vizuri, Mungu anajua. Raundi ya kwanza ya ua ilikuwa ya kupendeza mno. Kitoto kinatembea ubavuni mwa mama, mama ametulia, matawi yanapepea, Kimani anarudi nyumanyuma na simu yake, na mimi moyoni nasema, haya Daktari, umeona sasa? Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo askari wa zamu akafungua lango. Ilikuwa pikapu ya viti vya kukodi, viti ambavyo vilitakiwa kufika alfajiri. Pikapu ikapiga honi, mwenye ngoma akadhani ni vifijo akaongeza nguvu, Mama Nduku akapiga kigelegele karibu kabisa na sikio la kile kitoto, na kitoto kikaona pale mbele kuna upenyo kati ya pikapu na ukuta, kikaenda. Mama yake angefanya nini? Mama amefungwa naye kwa leso, na hata asingefungwa ni mama. Akamfuata. Na mimi nimefungwa na mama.

Tukatoka nje ya lango.

Niligeuka nikapiga kelele, "Rudini! Msitoke!" lakini ngoma ilikuwa juu. Nikapunga mkono, nikapunga yote miwili, nikapunga kama mtu anayefukuza nyuki. Kwaya wakanipungia matawi. Kimani akanyanyua kidole gumba. Na wote, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi, wakapita langoni wakiimba, wakimfuata punda kama walivyofundishwa.

Leso zilikuwa zimevutika, kitoto kikatangulia kidogo, nikadhani Basbaas akikipata atasimama. Alikipata, akakinusa, akakitia ubavuni, halafu akainua kichwa akatazama, akaona yuko wapi. Alikuwa kwenye barabara yake ya kazi, ambayo huipita kila siku ya Mungu akivuta maji, na hapo nilimwona kwa macho yangu punda akipata uamuzi. Akashika njia, polepole, bila wasiwasi, na kwenye mlango wa kwanza akasimama.

Ulikuwa mlango wa Habaryar Fatuma, mama mdogo wa mtaa mzima. Akatoka na mitungi yake mitupu, nusu ya usingizi, akamtazama Basbaas, akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu watu wamesimama kimya na matawi (punda amesimama, wamesimama, ngoma tu ndiyo ilikuwa inadunda taratibu).

"Subhanallah," akasema. "Mwalimu. Maji iko wabi?"

"Habaryar, leo hakuna maji. Nisaidie, nifungue hapa."

"Hakuna maji, na umechukua bunda?" Akampiga Basbaas kofi la matakoni, si kwa hasira, ndivyo anavyoambiwa kila siku kwamba kazi imekwisha, na Basbaas akaondoka kwenda mlango wa pili. Hosana ikaanza upya.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Basbaas hakunipiga teke hata moja, na ningelipwa kwa teke siku ile ningeshukuru, maana lingenitupa chini. Alinibeba kwa uangalifu kama mtungi wenye ufa. Mlango wa pili, mitungi ikatoka. Mlango wa tatu, mitungi ikatoka. Kuna duka pale lenye baraza ambapo wazee waliofunga hupumzika kwenye mkeka, wakaamka wote, mmoja akauliza kama ni harusi, mwenzake akamjibu kwa sauti, "Hapana, ni Mwalimu Wekesa," na hapo ndipo nilipoelewa ukali wa lile sharti la pili. Ningekuwa naigiza mtu ningejificha nyuma ya huyo mtu. Sikuwa namwigiza yeyote. Nilikuwa Mwalimu Wekesa, kwa jina langu, juu ya punda wa maji. Vijana wangu wa kidato cha nne walikuwa wameegemea ukuta, na mmoja akaita, "Ticha amenunua ndinga mpya!" na mwingine, "Ndinga na trela!" kwa sababu ya kile kitoto. Nikawapungia mkono. Ningefanya nini tena?

Tulipokata kona nikatambua mlango unaofuata. Mzee Dubow naye hununua maji kwa Gedi.

Alikuwa tayari amesimama nje, bakora mkononi. Basbaas akasimama mbele yake. Kwaya ikasimama, na safari hii hata mwenye ngoma aliona uso wa mzee, akaacha kupiga. Nikasikia kitoto kinanyonya.

"Waryaa Mwalimu," Mzee Dubow akasema.

"Adeer."

"Nilisema nini?"

"Ulisema tusitoke nje ya geti."

"Na hapa ni ndani ama nje?"

"Nje, Adeer." Nilimwona Mama Nduku pembeni amefunika mdomo kwa ncha ya kitambaa, amegundua sasa tuko wapi na tumefanya nini, na huzuni ya uso wake ilinichoma kuliko kicheko chote cha barabarani. Nikaona ile siku yetu moja ya mwaka imekwisha, na iliyoimaliza ni sura ya tatu ya tasnifu yangu.

Mzee akamzunguka punda, akazigusa zile leso, akalivuta fundo, likakataa. "Na kwa nini bunda mbili? Mtu moja anabanda bunda mbili?"

Basi ikabidi nieleze. Nimefungwa, jua limenikaa utosini, suruali imechanika (hilo la suruali nilikuwa nimeliacha), mbele ya mtaa mzima, nikaanza kueleza habari za Injili nne, kwamba huyu anasema hivi na yule anasema vile. Ajabu ni kwamba alisikiliza kweli, kama anavyosikiliza kesi za watu waliogombania kisima.

"Ngoja," akanikatiza. "Watatu wanasema bunda moja?"

"Ndiyo, Adeer. Marko, Luka na Yohana."

"Na moja anasema mbili."

"Mathayo."

"Na wewe umefuata huyo moja."

Nikamwambia kwamba kwa wanazuoni wingi wa mashahidi peke yake si hoja, kwa sababu Luka alimsoma Marko, na hata Mathayo mwenyewe alikuwa na maandishi ya Marko mbele yake.

"Alikuwa na ile ya moja mbele yake, na bado akasema mbili?"

"Ndiyo, na hapo ndipo…"

"Nyamaza, Mwalimu. Nimefunga. Ukinichekesha nitapata kiu." Na alikuwa kweli anang'ata midomo, mabega yanamtikisika, lakini akajikaza uso ukarudi. "Nilikuambia wewe usitoke. Bunda sikumwambia. Sasa rudi na watu yako, ngoma kimya. Ya mwaka ujao tutaongea baada ya Idi."

Gedi akafika hapo anakimbia, kumbe alikuwa nyuma ya kwaya muda wote akisukumana na watu, akakata leso kwa kisu, nikashuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikaanguka mbele ya Mzee Dubow kama mtu anayesujudu. Hilo pia limo kwenye video.

Tulirudi kimya, matawi yameinama. Hakuna aliyenilaumu, na hiyo ndiyo ilinifanya nishindwe kula. Alasiri nikavua suti, nikamfuata Gedi, nikamwambia nataka tupeleke maji yote ambayo hayakufika, na tukazunguka nyumba zilezile, yeye anaongoza, mimi nabeba mitungi mpaka ndani, naomba radhi mlango kwa mlango, na kila mlango nilicheka kidogo zaidi kwa sababu wao walicheka. Habaryar Fatuma alinipa sambusa za kupeleka nyumbani, akasema nisizile barabarani. Jioni simu ikalia, mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa Wajir, hakunisalimu, aliniuliza tu, "Wekesa, hiyo leso ya maua umenunua wapi?" Kesho yake nikapigiwa kutoka Eldas, mbali kuliko Wajir.

Video nilimtumia Daktari Akoth, nifanye nini, nchi nzima ilikuwa nayo. Aliniandikia kwamba nimeonyesha bila shaka yoyote kuwa mama na mtoto hawaachani, na kwamba sasa nimebakiza kueleza iwapo Mathayo aliwahi kumpanda yeyote kati yao. Sura ya tatu ikapita.

Idi ikaja, nikaenda kwa Mzee Dubow kumpa mkono wa sikukuu, nikanywa chai ya maziwa ya ngamia, nikangoja. Akaniongelea bei ya ngamia tu. Nikaaga. Miezi ikapita, Kwaresma nyingine ikaingia, na Mama Nduku hata hakuuliza kuhusu matawi, alianza kupanga usomaji wa ndani. Ndipo Jumamosi moja, tunafagia kanisa, Mzee Dubow akaingia langoni na bakora yake, na nyuma yake Gedi anamvuta Basbaas, peke yake, ameoshwa, kitoto kimeachwa nyumbani.

"Mwalimu," akasema, "ngoma ruhusa, ndani ya geti. Lakini mwaka hii mtafuata yule mwingine. Jina yake nani, ile ya bunda moja?"

"Marko, Adeer."

"Huyo. Huyo ni mtu ya maana, hana maneno mingi."

Mama Nduku akapiga kigelegele palepale, nami nikaruka kufunga lango. Tangu siku ile nimeapa, na ninyi ni mashahidi: katika tasnifu nitamtetea Mathayo mpaka nivae joho, lakini uani mwa kanisa letu mimi ni mtu wa Marko, natembea kwa miguu, na punda tunampakia matawi tu.